Maua ya Joy Adamson na Hesabu ya Mwanga

Mgeni anayetoka kwenye jua la saa sita mchana na kuingia chumba cha michoro ya maua huuliza swali moja: mbona giza? Wengine hulaumu umeme, wengine hulaumu bajeti. Kumbe giza hilo limepimwa kwa kifaa, na pengine ndilo lililoumiza vichwa kuliko kitu kingine chochote mle chumbani. Mchoro wa rangi za maji huliwa na mwanga. Kila saa inayoangaziwa, picha hupoteza kidogo, na kilichopotea hakirudishwi na dawa yoyote. Ndiyo maana kumuenzi mchoraji wa mimea kwa kutundika kazi zake ukutani ni sawa na kutumia akiba isiyojazwa tena. Swali ni kuitumia vipi.

Tuchukue mfano wa karibu. Joy Adamson anajulikana duniani kwa simba jike Elsa na kitabu kilichotoka 1960. Kabla ya simba kulikuwa na maua. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, leo ukiitwa Opava katika Jamhuri ya Cheki, na wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, na ni Bally aliyemwita Joy. Mwaka huohuo wa 1938 makumbusho yalipeleka msafara wa utafiti katika vilima vya Chyulu. Bally alikusanya mimea, mkewe akaanza kuichora. Michoro yake ya maua iliingia katika kitabu cha bustani za Afrika Mashariki kilichohaririwa na Jex-Blake, na mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, kikamtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Wakati huo alikwisha kuolewa na George Adamson, tangu 1944. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa jamii mbalimbali za Kenya katika mavazi yao, na kazi hiyo ikazifunika picha za maua, kama Elsa alivyokuja kuvifunika vyote viwili.

Coryndon ndiyo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ya leo, na michoro ya Joy iko huko. Anayetaka kuelewa maonyesho ya namna hii aanze na jambo ambalo wageni wengi hulipita: michoro hiyo ilikuwa na kazi gani.

Kwa nini uchore mmea unaoweza kuukausha?

Ushahidi rasmi wa mtaalamu wa mimea ni mmea wenyewe uliobanwa, ukakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, pamoja na maelezo ya mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mkusanyiko wa karatasi hizo huitwa hebaria. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 enzi za Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa hiyo mmea uliochumwa Tanga au Bukoba zamani unaweza leo kuwa kabatini Nairobi.

Kukausha kunaokoa mengi, ila si yote. Zambarau na buluu hugeuka hudhurungi. Ua lenye umbo la kengele hulala bapa kama chapati, na mtu hawezi tena kujua petali zilijikunja nje au ndani. Mimea yenye maji mengi mwilini, kama mshubiri na jamii ya mtupa, husumbua zaidi: ukiibana mibichi huendelea kuishi, hata kuchipua, wiki kadhaa ndani ya vibanio, kisha huoza. Dawa yake ni kuitumbukiza kwanza katika maji yanayochemka ili ife, au kuipasua na kuondoa nyama ya ndani. Mimea ya aina hiyo ndiyo aliyoipenda mno Bally (kuna mshubiri unaoitwa kwa jina lake, *Aloe ballyi*), na kwa mtu kama huyo mchoraji kando yake hakuwa pambo.

Sheria za kimataifa za majina ya mimea nazo zinalitambua hilo, kwa masharti. Kila jina la kisayansi hufungwa kwenye kielelezo kimoja cha msingi. Zamani mchoro uliweza kuwa kielelezo hicho. Tangu tarehe 1 Januari 2007, jina jipya la mmea ulio hai linahitaji kielelezo halisi. Mchoro unakubaliwa tu kwa mwani na kuvu wadogo wa kuonekana kwa hadubini, pale ambapo kuwahifadhi wenyewe kuna ugumu wa kiufundi au hakuwezekani.

Jinsi ya kuusoma mchoro

Mchoro wa mimea hauchorwi kutoka juu kwenda chini. Unafuata kinachokufa kwanza. Ua huanza, kwa sababu tawi lililokatwa lina saa chache, majani hufuata, shina na tunda husubiri hata kesho yake. Ua la mbuyu ni mfano mkali: hufunguka jioni, hungoja popo usiku, na kesho yake limekwisha nyauka. Mchoraji aliyelikuta asubuhi amechelewa. Margaret Mee, Mwingereza aliyeishi Brazili, alikuwa na umri wa miaka 78 mwezi Mei 1988 alipokesha kwenye Rio Negro akichora ua la mpungate wa Amazon linalofunguka usiku mmoja tu.

Kinachofuata ni vipimo. Urefu wa jani huchukuliwa kwa bikari ya ncha mbili na kuhamishiwa moja kwa moja kwenye karatasi, ili mchoro uwe na ukubwa wa mmea wenyewe. Ikiwa sehemu imekuzwa, kipimo huandikwa pembeni: mara 2, mara 5. Kwa kawaida mwanga huonyeshwa ukitoka juu kushoto, na wachoraji wengi wanafuata hivyo ili kivuli kisimchanganye msomaji akadhani ni doa la jani. Ukiona vijipande vya rangi pembezoni, vimepakwa kama majaribio, usidhani ni uchafu uliosahauliwa. Hiyo ni kumbukumbu ya rangi iliyochukuliwa ua likiwa hai, na kwa mtaalamu inaweza kuwa na thamani kuliko ua lililokamilishwa baadaye kwa kubuni.

Msimamizi wa maonyesho asiyejua haya hufunika pembezoni hizo kwa kadi ya fremu ili picha ionekane safi. Ni kosa la kawaida, na ni baya.

Rangi zipi hufa

Rangi za maji ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi ya mti, hasa ya mgunga, katika tabaka jembamba sana juu ya karatasi. Hazina mafuta wala vanishi ya kuzikinga. Chembe za udongo na za madini, kama manjano ya udongo na nyekundu ya chuma, hustahimili. Zinazokufa ni nyingi za asili ya mimea, wadudu na kemikali za rangi ya kitambaa: nyekundu za waridi, baadhi ya njano, zambarau zilizochanganywa. Kwa bahati mbaya hizo ndizo rangi za maua.

Madhara yake yanadanganya. Zambarau iliyotengenezwa kwa buluu imara na nyekundu dhaifu haipauki sawasawa. Nyekundu huondoka, buluu ikabaki. Kijani cha jani kilichochanganywa kwa njano dhaifu hugeuka kuwa na ubuluu. Anayetazama baada ya miaka 60 hasemi picha imechakaa. Anasema ua hili ni la buluu. Mtaalamu anayetafuta rangi halisi ya mmea huo ameshapotoshwa, na hapo picha imeacha kuwa ushahidi.

Uimara wa rangi hupimwa kwa kulinganisha na vipande vinane vya sufu ya buluu vilivyopangwa kuanzia 1, kinachofifia upesi kabisa, hadi 8. Michoro ya maua huchukuliwa kuwa na rangi za daraja la 1 hadi 3 hadi ithibitishwe vinginevyo. Mhifadhi mwangalifu huweka kipande cha sufu hiyo pembeni ya picha, nusu kikiwa kimefunikwa, ili kimwambie kinachotokea kabla picha yenyewe haijasema.

Hesabu yenyewe

Mwanga hupimwa kwa luksi. Jua la mchana katika ukanda wetu hukaribia luksi 100,000. Ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500. Kiwango kinachofuatwa na makumbusho mengi kwa vitu dhaifu ni luksi 50, na jumla isizidi luksi-saa 15,000 (luksi mara saa za kuangaziwa) kwa mwaka. Jumla ndiyo muhimu. Luksi 50 kwa saa mbili zinadhuru sawa na luksi 100 kwa saa moja. Mwanga hafifu hauponyeshi, unapunguza kasi tu.

Makumbusho yanayofunguliwa kwa muda wa saa 9 kila siku hutumia 50 mara 9, yaani luksi-saa 450 kwa siku. Gawanya 15,000 kwa 450: siku 33. Huo ndio mgao wa mwaka mzima wa mchoro mmoja. Mtu akipandisha taa hadi luksi 200 ili wageni wasinung'unike, mgao unakwisha kwa siku 8. Dirisha likiachwa wazi, na robo tu ya jua la mchana ikaangukia picha kwa saa moja, mgao wa mwaka na ziada umekwenda kabla ya chakula cha mchana.

Hata ukifuata kiwango, hukuzuia kufifia, umeahirisha. Rangi za daraja la 1 huonyesha mabadiliko yanayoonekana kwa macho baada ya takriban luksi-saa 300,000, tena kama miali ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, imechujwa. Kwa mgao wa 15,000 kila mwaka hiyo ni miaka 20. Kizazi kimoja.

Namna za kunyoosha mgao zipo. Ya kwanza ni zamu: mkusanyiko wa picha 120 huonyeshwa 10 kwa wakati mmoja, kila kundi likikaa mwezi mmoja kisha kurudi gizani. Ya pili ni pazia dogo juu ya fremu ambalo mgeni hulifunua mwenyewe, au taa inayowaka mtu akikaribia. Picha ikiangaziwa saa 3 tu kati ya 9, siku 33 zinakuwa 100. Ya tatu ni nakala. Picha hupigwa skana kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi pamoja na kadi ya rangi za kulinganishia, ikachapishwa kwa wino wa chembe imara kwenye karatasi ya pamba, na nakala hiyo ikatundikwa mwaka mzima. Hapa uaminifu ni lazima. Lebo iandike NAKALA kwa herufi za kusomeka, maana mgeni akijua baadaye kwamba alidanganywa kwenye picha moja, hataamini nyingine yoyote.

Taa za LED zimerahisisha kazi, kwa kuwa karibu hazitoi urujuanimno. Joto lake lisisahauliwe lakini: taa isiwekwe ndani ya kabati la kioo pamoja na karatasi. Na kuhusu simu za wageni, mwako wa kamera hudhuru kidogo mno ukilinganisha na saa 9 za taa ya dari. Makatazo mengi ya mwako ni kwa ajili ya utulivu wa chumba, na ingekuwa vyema yakisema hivyo.

Macho nayo yanahitaji muda. Kutoka luksi 100,000 hadi 50 ni kushuka mara 2,000. Anayebuni chumba vizuri huweka njia yenye giza la hatua kwa hatua, labda luksi 300 mlangoni, kisha 150, kisha 50, na kuta za rangi tulivu zisizong'aa. Kwenye njia hiyo ndipo pa kuweka maandishi marefu na ramani, ili mgeni akae dakika tano akisoma huku macho yakizoea. Wazee ndio wa kufikiriwa zaidi: jicho la mtu wa miaka 65 huhitaji mwanga takriban mara tatu ya la kijana. Kioo cha kukuzia kilichofungwa kwa kamba humsaidia kuliko taa kubwa.

Lakini mbona Marianne North ana mwanga?

Aliyetembelea bustani za Kew, London, atapinga. Huko kuna jengo la Marianne North, mchoraji wa mimea Mwingereza, lililofunguliwa 1882, alilolijenga kwa fedha zake, lenye picha 832 zilizobanana ukutani kuanzia juu ya kiuno hadi karibu na dari, na hazishushwi kwa zamu. Jibu ni kwamba North alichora kwa rangi za mafuta. Tabaka lake ni nene, chembe zimefungwa ndani ya mafuta yaliyokauka, na kiwango chake huruhusiwa kufika luksi 200. Naye alichora mandhari, mmea ukiwa porini na kilima nyuma yake, si tawi juu ya karatasi nyeupe. Hata hivyo amri yake kwamba mpangilio usiguswe iliwagharimu warithi: unyevu na joto vilishambulia jengo, na mwaka 2008 na 2009 ilibidi jengo litengenezwe na picha zote zishughulikiwe. Wosia wa msanii unaweza kuwa mzigo kama ulivyo zawadi.

Karatasi, unyevu na wadudu

Mwanga ukidhibitiwa, adui anayefuata ni hewa. Karatasi hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na zaidi ya hapo hutaka usibadilike ghafla. Ukivuka asilimia 65 kwa siku nyingi, kuvu huamka. Madoa ya kahawia yanayotapakaa kama madoadoa ya ndizi mbivu huanza hapo. Nairobi, kwa mwinuko wake, ina nafuu. Kwa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kabati lisilozibwa vizuri ni hatari, na kiyoyozi kinachozimwa usiku kuokoa umeme ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu unyevu hupanda na kushuka kila siku na karatasi hujikunja na kujinyoosha hadi rangi inaachia. Njia ya bei nafuu ni kabati lililozibwa lenye chembe za silika zilizotayarishwa kwa asilimia 50, takriban kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo.

Kwenye fremu, mambo machache yakikosewa hayasameheki. Kadi iwe ya pamba, isiyo na asidi. Kioo, au plastiki inayochuja urujuanimno, kisiguse karatasi: nafasi ya milimita 3 au zaidi, la sivyo mvuke ukiganda rangi hunata kwenye kioo. Picha ishikiliwe kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano, ili iweze kutanuka na ili mtu wa kesho aweze kuibandua kwa maji. Selotepu haina nafasi hapa. Gundi yake hunyonywa na karatasi, hugeuka njano kisha kahawia, na doa hilo hutokea upande wa mbele.

Jambo zuri kuliko yote katika maonyesho ya aina hii ni kuweka mchoro na mmea uliokaushwa ubavu kwa ubavu, mgeni ajionee kila kimoja kilichookoa nini. Ila karatasi ya hebaria inaweza kuingia na mgeni asiyealikwa: kidudu cha kahawia kilekile kinachotoboa tumbaku na viungo vya jikoni. Kwa hiyo hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye jokofu la kugandisha, siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au siku 3 kwa 30 chini ya sifuri. Ikitoka, mfuko usifunguliwe kwa saa 24. Ukiufungua mapema, maji ya hewa yataganda juu ya mmea, na utakuwa umeua mdudu ukaalika kuvu.

Lebo na majina

Jina lililoandikwa chini ya mchoro wa 1940 linaweza lisiwe jina la leo. Mgunga wenye gome la manjano, unaoota kandokando ya ziwa Naivasha, uliitwa *Acacia xanthophloea*. Baada ya uamuzi wa mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea mjini Vienna mwaka 2005 kuliacha jina Acacia kwa miti ya Australia, leo ni *Vachellia xanthophloea*. Ua la Usambara lililopewa jina la Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyetawala Tanga, likaandikwa rasmi kuwa *Saintpaulia* mwaka 1893, tangu 2015 limewekwa ndani ya *Streptocarpus*. Lebo nzuri haifuti jina la zamani. Huandika jina alilolijua mchoraji, kisha la sasa, kwa sababu jina la kwanza ndilo litakalomfikisha mtafiti kwenye karatasi ya hebaria.

Tena iandike jina la Kiswahili na la lugha ya mahali mmea ulipochumwa. Kisingizio kwamba hayapatikani hakina uzito: P. J. Greenway, aliyekuwa Amani kabla ya kuhamia Nairobi na hebaria, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili katika miaka ya 1930. Majina hayo aliambiwa na watu. Mara nyingi katika misafara ya wakati ule waliobeba vibanio, waliopanda miti na waliotaja mmea na dawa yake hawakuandikwa popote, na maonyesho yanayomtaja mchoraji peke yake yanarudia kosa hilo kwa herufi kubwa zaidi. Daftari la msafara likitaja majina, yaandikwe. Lisipotaja, lebo iseme kwamba hayakuandikwa.

Na Elsa? Awekwe chumba cha mwisho. Akiwekwa mlangoni, watoto watapiga picha na simba, wazazi watasimulia filamu, na maua yatapitwa kama mapambo ya korido.

Siku ya 34 fremu hushushwa. Mhifadhi huikagua chini ya taa ya pembeni akitafuta rangi iliyoinuka au karatasi iliyovimba, hulinganisha na ripoti ya hali iliyoandikwa siku ya kwanza, kisha huandika kwenye kadi ya picha hiyo: tarehe, luksi, saa, jumla. Kadi inafuata picha hadi ndani ya sanduku. Atakayeiomba mwakani ataanza kwa kusoma namba hizo, na huenda akajibiwa kwamba ua hilo halitoki mwaka huu.